Presha Iliyomchukua Atupele

Tukuyu, Jumatano, mwezi wa nne

Mvua imeanza asubuhi na haina dalili ya kukatika. Nimetoka kliniki ya wajawazito. Presha yangu imepanda kidogo, ila kwenye mkojo hakuna protini. Wanasema hiyo ni nafuu. Mbona bado naogopa?

Kila nikijitazama kwenye kioo namwona dada yangu Atupele.

Alifia Lufingo na mimba yake ya kwanza, mwaka ule shamba la chai alikofanya kazi mumewe lilipobinafsishwa. Alivimba uso, kichwa kikamuuma, akasema anaona vimulimuli mchana kweupe. Kisha degedege. Mama alisema mama mkwe wa Atupele ndiye amemroga, na watu wakaamini. Yule mama mkwe akatengwa, akarudi kwao Kinyala peke yake.

Leo nimemuuliza nesi, "Sista, dada yangu alirogwa?"

Hakucheka. Alisema mimba ikiwa changa, mishipa ya damu ya mfuko wa uzazi hutakiwa kutanuka ili kondo la nyuma lipate damu ya kutosha. Kwa wengine haitanuki vizuri. Kondo likikosa damu humwaga kemikali kwenye damu ya mama, nazo huharibu kuta za mishipa mwili mzima. Mishipa inabana, presha inapanda, figo zinavujisha protini. Madhara hayo yakifika kwenye ubongo, ndiyo degedege.

"Kwa nini haitanuki?"

"Hata madaktari hawajui yote. Ila ugonjwa huu hutembea kwenye ukoo. Ndiyo maana nataka nikuone kila wiki. Kichwa kikiuma sana au ukiona vimulimuli, usingoje siku ya kliniki."

Kwenye ukoo.

Kwa hiyo kilichomuua huenda nacho kimo ndani yangu, na wala hakikutoka kwa mkwe.

Nilipita Msasani, hapa hapa Tukuyu, kwa mama, nikamweleza yote. Alikuwa anamenya ndizi. Aliweka kisu chini.

"Basi yule mama tulimwonea," alisema.

"Bado yuko hai, mama."

"Na mimi nitamwambia nini, mwanangu?"

Alijifunika uso kwa kanga, akalia kama siku ya msiba. Alipotulia, alisema Jumamosi twende wote Kinyala.

Nitakwenda, na tumbo langu hili. Ila najiuliza: ningekuwa mimi yule mama, nikamwona mama yangu amesimama uani, ningemkaribisha?