Kirikuu Nilichouziwa na Mtani

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua barua imekushtua, maana siku hizi tunazungumza kwa simu na mkono wangu umeanza kusahau kalamu. Usiogope, hakuna aliyefariki. Zaituni mkweo ni mzima, watoto wanaenda shule. Wewe je, magoti yanasemaje? Na kile kikohozi kisichotaka kuhama? Najua ni Kalunde anayekusomea. Mdogo wangu, soma yote, usiruke mahali kwa kumhurumia Mama.

Nimeandika kwa sababu kwa simu nimeshindwa. Kila ukiniuliza habari za gari nakujibu linaendelea vizuri, kisha nasingizia mtandao. Nimekudanganya miezi mitatu. Kile kirikuu cha mizigo nilichonunua kwa fedha ya shamba la marehemu baba hakitembei. Kiko gereji huko mtaa wa Gerezani, na kuku wa fundi wanatagia ndani yake.

Unakumbuka nilivyokueleza mwanzoni. Hapa Kariakoo mwenye kigari cha mizigo halali njaa, marobota ya vitenge yanashuka stoo kila asubuhi na lazima yafike madukani. Mimi nilikuwa nimechoka kuyasukuma kwa mkokoteni. Ukakubali shamba lichukuliwe na mzee Mihayo, naye kwa uungwana wake akasema fedha yake ikirudi kabla ya mvua za kwanza, shamba nalo linarudi kwako. Uliweka dole gumba bila kuniuliza maswali.

Aliyeniuzia ni Kondo. Ndiye yule Mzaramo niliyekusimulia, aliyekuja kwenye arobaini ya baba tuliyosoma hapa mjini, akajilaza mlangoni akasema haingii mtu mpaka sisi Wanyamwezi tumlipe, maana marehemu alikuwa mtumwa wake. Tulicheka na machozi bado mashavuni. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba Mzaramo ni mtani wetu na neno la mtani halichukiwi. Tangu siku ile tukikutana kwenye kahawa ni yeye kunitukana na mimi kumtukana, halafu analipa yeye.

Siku ya kuliona gari tulikwenda uani kwake Jangwani, mimi na Zaituni. Lilikuwa limeoshwa linang'aa. Nikamuuliza lina tatizo gani. Kondo akashika kiuno akasema, "Mtani, hili lilizama kwenye mafuriko, likanywa maji wiki nzima. Nakuuzia jeneza, Wanyamwezi wenzako wapate cha kukuzikia."

Mama, nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nikamjibu kwamba jeneza zuri namna hii Wazaramo wangekuwa wameshagombania kuzikwa nalo. Fundi sikumpeleka. Ningempelekaje fundi kwa mtani wangu, kana kwamba namshuku wizi? Kesho yake tukaenda kuandikiana kwa wakili, nikatia sahihi kwamba nimeliona gari na nimeridhika nalo kama lilivyo. Zaituni akawa shahidi wangu.

Lilifanya kazi wiki tatu. Kwanza taa zikawa zinajiwakia zenyewe mchana kweupe. Kisha breki zikagoma nikiwa na mzigo, nikachagua ukuta badala ya mama muuza maandazi. Mwisho injini ikazima katikati ya Mtaa wa Swahili na haikuwaka tena. Fundi alipofunua zulia alikuta matope yaliyokauka, na majani ya mtoni yamenasa kwenye nyaya. Akaniuliza kama aliyeniuzia hakuniambia limelala majini.

Nilimfuata Kondo nikidhani ataona haya. Akaniambia kwa upole, bila utani hata chembe, kwamba alinieleza kila kitu mbele ya mke wangu. Pale ndipo nilipoelewa. Alijua nitacheka. Aliusema ukweli kwa namna ambayo mimi peke yangu nisingeuamini, akalala usingizi wake safi. Namchukia, Mama. Mtani hachukiwi, lakini mimi namchukia.

Nikaenda Upanga, kwenye ofisi ya msaada wa sheria, nikakutana na wakili binti mdogo tu, lakini kichwa chake chepesi. Aliisoma hati mara mbili. Akanieleza kwamba mtu anayeuza gari lake mwenyewe, si mfanyabiashara wa magari, halazimiki kukutajia kila ubovu. Mnunuzi ndiye wa kufumbua macho. Ila ukimuuliza akakudanganya, au akauficha ubovu anaoujua, yale maneno ya "kama lilivyo" hayawezi kumkinga. Unamwandikia barua ya madai, mnajaribu kusuluhishwa kwenye serikali ya mtaa, na akikaidi unakwenda mahakamani kuomba mauziano yavunjwe, yeye achukue gari lake na wewe fedha yako. Nilipata nafuu. Kisha akaniuliza, "Ulipomuuliza, alikujibu nini?"

Nikasema hakunijibu kitu. Akaandika hivyo kwenye barua ya madai.

Usiku ule nilihesabu kama mshenzi: pale uani tulikuwa watatu, na sisi tukisema hakusema, yeye ni mmoja. Nikamweleza Zaituni. Aliendelea kukunja nguo za watoto, akasema, "Nikiulizwa nitasema nilichosikia. Alisema limezama. Mimi nilikuvuta shati, ukaniambia niache ushamba."

Nilimfokea maneno ambayo sitayaandika hapa. Siku tatu hatukusemeshana.

Ijumaa iliyopita tukakaa mbele ya mwenyekiti wa mtaa, Kondo upande ule, sisi upande huu, yule wakili binti naye amekuja. Mwenyekiti akaniuliza mimi kwanza, kabla ya shahidi yeyote. Zaituni alikuwa anatazama chini, na nikaona nikisema uongo nitamfanya aniumbue mbele ya watu au ajiumbue kwa Mungu wake. Nikasema, "Aliniambia. Ila alisema kwa utani."

Mwenyekiti akashusha miwani. Kondo hata hakufurahi, alibaki anachezea kofia yake. Wakili alinivuta pembeni, akaniambia nilipaswa kumwambia mapema. Alisema naweza bado kwenda mahakamani kudai kwamba utani si taarifa, lakini mtu alitamka, nikasikia, nikanunua. Njia ni ndefu na mwisho wake huenda ukawa huu huu. Hakika ni kwamba mvua zitatangulia. Nikarudi kuukamata mkokoteni.

Nisamehe, Mama. Nimesema kweli, na aliyelipia ni wewe. Zaituni ameanza kunisemesha, lakini wewe sijui nitakusemesha kwa mdomo gani.

Nisalimie mjomba mrina asali, na shangazi aliyetuzalisha sote. Kalunde, nakutumia kitenge, usiuze, vaa.

Na mzee Mihayo msalimie kwa heshima zote. Mwambie asingoje mvua, wala asiningoje mimi. Afunge maksai plau, aingie shambani.

Mwanao,
Maganga