Kioo Changu Hakijawahi Kuwaka

Mshauri mpendwa,

Kwa miaka thelathini na minane nimeficha jambo moja: kioo kilichonipa uprofesa, nishani mbili na jengo lenye jina langu hakijawahi kutoa mwanga wowote. Sasa figo zangu zimechoka, daktari ameacha kuniambia "ukipona" na ameanza kuniambia "ukijisikia vizuri", nami naomba unisaidie, ingawa najua safu yako huwa ya watu wanaogombana na mawifi.

Acha nikueleze kwa lugha ya nyumbani. Leza ni mwanga uliofundishwa nidhamu, badala ya kutawanyika kama ule wa taa ya sebuleni unakwenda wote pamoja, kwa rangi moja, kwa hatua moja, na enzi zangu kuupata ulio mkali kulitaka mashine yenye urefu wa jeneza, nami nikajitokeza nikasema nimeyeyusha kioo cha aina mpya, kidogo kama ukucha, ambacho ukikimulika kwa taa hafifu tu kinatoa leza chenyewe, na ushahidi nilikuwa nao, mchoro wenye kilele kirefu kilichosimama katikati ya karatasi kama mlingoti. Kila mtu aliyeuona mchoro ule alinishika mkono.

Sasa aibu yenyewe. Kabla ya kazi, pale mezani tunawasha kileza kidogo chekundu cha kupangia, ili tuione njia ya mwanga na kuvinyoosha vioo vya kuakisi, kama mwashi anavyovuta uzi kabla ya kupanga matofali, na ukishapanga unakizima. Mimi sikukizima. Mwanga wake, wenye rangi ileile niliyokuwa nikiitafuta, ulirukaruka mezani ukaingia kwenye kipimo changu, nami nikauita uvumbuzi. Niligundua majuma matatu baada ya makala kuchapishwa, nilipoinama kuokota kalamu, bega langu likaziba njia ya kile kileza na kilele kikaanguka chini kama kimepigwa risasi. Ningeandika masahihisho siku ileile, haki ya Mungu, lakini siku ileile ndiyo mkuu wa chuo alikuja na wapiga picha.

Nikajiambia wenzangu wa mbali watajaribu, watashindwa, watanikosoa kwa adabu na yataisha. Mshauri, hawakunikosoa. Maabara mbili ziliandika kwamba nazo zimeuona mwanga wa kioo changu, na moja ikadai wa kwao ni mkali zaidi. Mkali kuliko wangu, na wangu haukuwepo! Mwaka uliofuata nikakutana na mkuu wa maabara hiyo kwenye mkutano, tukawekwa meza moja, na kwa siku tatu tulizungumza habari za mvua.

Ningekufa na siri yangu bila kukusumbua, ila kuna mjukuu wangu. Ni binti wa marehemu mwanangu, nimemlea tangu hajaanza shule, na kwa kunipenda akachagua kioo changu kiwe tasnifu yake ya udaktari. Siku hizi fotoniki, elimu ya kuutumikisha mwanga, imefika mbali. Wanapitisha mwanga kwenye vijifereji vilivyochongwa juu ya kipande kidogo kuliko punje ya mchele, wanapiga mimuliko mifupi kiasi kwamba kupepesa jicho mbele yake ni safari ya maisha, na leza ambayo mimi ningeibeba na vijana wanne yeye aliniletea kitandani ndani ya bahasha. Kwa vyombo hivyo vyote, miaka minne, hakuona kitu.

"Babu, hakuna."

"Umevisafisha vioo?"

"Nimevisafisha mpaka vinaniogopa."

"Visafishe tena."

Hilo ndilo jibu nililompa kwa miaka minne, na kila mara alilipokea kwa "ndiyo babu", akarudi kwenye pamba na spiriti. Msimamizi wake, ambaye nilimfundisha mimi, alimwambia mbele ya wenzake: "Mzee alikiona kwa mashine za kuunganisha na gundi, wewe na mitambo yote hii huoni. Kasoro ya nani?" Mtoto akaanza kuitazama mikono yake kama ya kuazima. Mwezi uliopita alisema anaacha masomo, akauze viatu, kwamba kiatu angalau mtu akikivaa mnajua wote kama kimemtosha.

Basi wiki iliyopita akaingia mbio, viatu vyake mkononi. "Babu, kimewaka! Kilele kilekile! Pale pale pa kwako!" Muuguzi akapiga makofi bila kujua anashangilia nini. Ijumaa hii anaitetea tasnifu mbele ya wataalamu, na msimamizi ameshaandaa maneno kuhusu damu na kipaji.

Mimi peke yangu ndiye ninayejua kuwa kioo kile hakiwaki. Kwa hiyo mtoto huyu ama ni mzembe ama amedanganya. Swali langu ni hili: binti aliyeanza njia mbaya mapema hivi, nimwonyeje bila kumvunja moyo? Au ninyamaze, nife zangu, wengine watajua wenyewe?

Ni mimi,
Mzee wa Mwanga, kama wanavyoniita wauguzi

*

JIBU

Shikamoo, mzee wangu. Umeshaniitikia? Vizuri, sasa nikugombeze.

Jibu hili nakutumia leo Jumanne kwa simu, kwa sababu Ijumaa yako haitalingoja gazeti.

Leza ninazozijua mimi ni mbili, ya dukani inayosoma bei na ile iliyomtibu mama yangu jicho. Lakini watu wanaoficha mambo ninawajua kwa miaka kumi na tisa ya safu hii, na barua zao zinafanana kama mapacha. Wanamwaga kurasa nzima za kosa la kale, lililokwisha poa, ili nisiulize la juzi.

Nakuuliza la juzi. Binti kafanya kazi miaka minne kwa uaminifu, halafu kwa muda mfupi tu kilele kinasimama pale pale kiliposimama chako. Alijuaje? Umenieleza kuhusu mvua, umenieleza makofi ya muuguzi, lakini siku zilizo kati ya kusema "naacha" na kuingia mbio umeziruka kama mtu anayekwepa dimbwi. Mlizungumza nini, mzee?

Pole nakupa, na ninaitoa moyoni. Kuishi karibu miaka arobaini ukisalimiwa kwa kitu ambacho hukukifanya ni adhabu, na hakimu asingekupa nzito zaidi. Na wale wenzako wa maabara mbili waliouona mwanga usiokuwepo nadhani nao wanakunywa dawa za usingizi. Lakini huruma yangu inafika mlangoni kwa mjukuu wako na inabaki nje. Ulimwangalia akisugua vioo miaka minne huku jibu liko mdomoni mwako! Halafu unaniuliza umwonyeje? Wewe? Haya usoni umeiacha wapi?

Sikia utakavyofanya. Usimwonye mtoto neno lolote. Mwite leo, wala usiache barua ya kufunguliwa ukishazikwa, huo ni woga uliovalishwa suti. Mwite na msimamizi wake, maana alimtukana hadharani na lazima asikie kwa masikio yake mwenyewe. Waambie kioo hakijawahi kuwaka, na kwamba ile "hakuna, babu" ya miaka minne ndiyo kipimo pekee cha kweli kilichowahi kufanywa juu yake. Hiyo ndiyo tasnifu ya binti. Aende Ijumaa akaitetee hiyo, au aombe muda aiandike upya, lakini asisimame na kile kilele. Wewe utakufa ukilia kidogo, yeye ataishi nacho mpaka azeeke, naye aje kuniandikia mimi au atakayekaa kwenye kiti changu.

Kisha liandikie jarida, utie saini wakati mkono bado unashika kalamu. Habari za jengo zisikusumbue. Kibao kile kimefungwa kwa skrubu nne, fundi atakibandua kabla ya chai.

Na kabla ya yote hayo, nijibu nilichokuuliza. Nataka sentensi moja, bila historia ya leza. Nitaichapa hapa chini, bila kuongeza neno langu, na hapo nitajua umeanza.

*

Mshauri,

Anayeandika haya ni mjukuu wangu, mimi namtajia neno kwa neno, na msimamizi wake amesimama dirishani.

Siku aliyosema anaacha alikuwa analia, kichwa chake ubavuni mwangu, nami nilimwambia asikizime tena kileza cha kupangia, kwamba kioo changu kinakihitaji ili kiamke, naye akaniamini.