Wasifu wa Bartholomew Kiema

Kola,
9 Juni 2025

Mpendwa Ndinda,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi tu wazima, ila goti langu halitaki kusikia habari za mlima. Wewe na watoto mwaendeleaje huko Athi River?

Tarehe tisa Agosti ni misa ya kumbukumbu ya baba yako, na kaburi litajengewa. Wasifu wake utausoma wewe kifungua mimba. Nimeanza kuandika kazi zake mpaka kalamu imenichoka. Aliuza vinyago Mombasa, akapakia samaki kwenye barafu Kisumu, akawapikia wajenga barabara Garissa. Kitui alizungusha sinema kwa gari, na Juba alinyoa watu ilhali hakuwahi kushika mkasi. Unakumbuka ile kofia ya manyoya aliyodai amepewa na chifu? Ilikuwa ya mitumba, niliona lebo. Namcheka kaka yangu na bado namlilia.

Shangazi yako,
Mutindi

Athi River,
15 Juni 2025

Kwa Shangazi,

Habari za huko? Pole kwa goti. Sisi hatujambo, ingawa kiwandani tunashona mpaka macho yanauma.

Masila jirani yako amenifikishia barua. Shangazi, sitausoma wasifu huo. Mpe mdogo wangu Festus, yeye anapenda maikrofoni. Baba alikuwa mtu wa kila mahali isipokuwa kwetu. Akirudi, Festus alipata gari la plastiki, mimi nikapata leso ya mwanamke mzima na mkebe wa mbake. Mtoto wa miaka sita apewe tumbaku ya kunusa! Wenzangu walinicheka mpaka nikautupa chooni.

Jina langu pia hakulitaja hata siku moja. Ilikuwa "mwaitu" tu, na akisema hivyo anatazama chini. Najua baba zetu hutuita hivyo, "mama", sisi wenye majina ya nyanya zetu, lakini wengine hutazamwa usoni. Nisimame mbele ya watu niseme alinipenda? Mimi sijui kama alinipenda.

Bintiyo,
Ndinda

Kola,
20 Julai 2025

Mpendwa Ndinda,

Natumai hamjambo. Nimekaa zaidi ya mwezi bila kujibu, na si goti. Niliogopa.

Mama yetu, ambaye una jina lake, alimkataza baba yako kuondoka kwa kuwa ndiye mwana wa kiume pekee. Alimwuliza pale mlangoni, "Nikifa nani atanizika?" Naye kwa hasira akajibu, "Majirani wana mikono." Akashika njia. Mama alifariki mwaka wa 1979. Barua niliituma Mombasa, kumbe yeye yuko Garissa. Alifika baada ya miezi mitano, amembebea leso na mbake. Majirani walikuwa wameshamzika.

Miaka minne baadaye ulizaliwa wewe, na kwa desturi yetu mama alikuwa amerudi. Zawadi zile hazikuwa za mtoto, Ndinda. Kila safari alikuwa akimletea mama yake. Aliniambia mara moja, "Namwogopa yule mtoto. Siku atakayosema yameisha, nitakaa nyumbani." Akanikataza kukwambia, nami nikanyamaza mpaka akafa. Hilo kosa ni langu, na linanikosesha raha.

Festus anafanya mazoezi ya wasifu. Ameshahamisha Juba ikawa Tanzania.

Shangazi yako,
Mutindi

Athi River,
3 Agosti 2025

Mutindi,

U hali gani? Jana nilifika Kola na sikupita kwako. Ningekuona ningelia tu, nisifanye lililonileta.

Nilikwenda moja kwa moja kaburini na hasira yangu yote. Lakini kila nilipotaka kusema, nilimwona kijana aliyejibu vibaya mlangoni, na nani hajawahi kumjibu mama yake vibaya? Nikatazama huku na huku, nisije nikadhaniwa nimerukwa na akili, kisha nikamwambia: "Bartholomew, mwanangu, yameisha. Sina neno na wewe. Sasa kaa nyumbani." Nililia sana kwa ajili yake, na kwa ajili ya yule mtoto wa miaka sita pia.

Mwambie Festus apumzike, wasifu nitausoma mimi.

Na wewe, binti yangu, ulimtafuta kaka yako kadiri ulivyoweza, na siri yake uliitunza kwa sababu alikuomba. Usijilaumu tena. Hata na wewe sina neno.

Mama yako,
Ndinda