Musa Hakupata Kitanda

Laurel, Alhamisi, Machi 2006

Jaji mwenyewe alisikitika, nilimwona. Alimwambia mdogo wangu Musa kwamba pesa za kuwatibu waraibu wa dawa za kulevya wenye ugonjwa wa akili zimekwisha, kwa hivyo atasubiri jela mpaka kitanda cha matibabu kipatikane.

Musa akanigeukia. "Dada, zile sauti za kichwani zitanifuata huko?"

Nikasema hapana. Sijui kwa nini nilisema hapana.

Kisha nikaenda kazini, nikamwogesha yule bibi ninayemtunza, nikacheka utani wake. Sikulia. Hata sasa silii, na hilo ndilo linaloniudhi.

Jioni Mama alipiga simu kutoka nyumbani, Nakuru. "Mtoto wangu ameanza matibabu?"

"Ameanza, Mama."

Akamshukuru Mungu kwa sauti, akaomba kwa kirefu, nami nikaitikia amina.