Kurasa za Kumuaga Mzee Amankwah

Jumatatu, 4 Machi

Nimekubali. Mdomo wangu huu! Mzee Dwamena, mkuu wa ukoo wa baba, kaja mwenyewe kibandani kwangu, kakaa kwenye kiti cha wateja, kanywa maji ya pakiti mbili ndipo akasema shida yake. Kitabu cha mazishi ya baba. Cha rangi, picha nyingi, na kiwe tayari kabla ya Jumamosi ya tarehe kumi na sita, siku ya kuzika. "Asabea mwanangu, wewe ndiye unayejua kuunganisha haya mambo ya kompyuta. Mtu wa nje atatugonga bei."

Yaani mimi si mtu wa nje! Nikafurahi kama mjinga. Nikasema nitafanya, na bei sitaki.

Alipoondoka ndipo nikajiuliza. Wa ndani kwa kazi — na kwa jina je? Baba alinizaa na mama yangu, si na mkewe Mama Frempomaa. Mtaa wetu mzima wa Bantama unajua, hakuna siri hapo. Alikuwa anakuja kwetu Jumapili baada ya kanisa, mkate kwapani, anakula, ananisahihishia hesabu, anarudi kwake. Kwenye tangazo la kifo lililobandikwa ukutani, watoto wa marehemu ni watano. Mimi simo.

Haya. Kazi ni kazi.

Jumanne, 5 Machi

Vitu vimeanza kuingia. Kila mtu na lake! Kanisa wameleta faili la Word, herufi za maua kama kadi ya harusi. Wenzake baba wa kazini, wa reli, wameleta PDF iliyoskaniwa ikiwa imelala upande. Mama Frempomaa kaandika kwa mkono, karatasi ikapigwa picha mezani, na kidole gumba cha mtu kimo. Binamu mmoja kaweka maneno yake ya kuaga kwenye jedwali la mahesabu, kila sentensi na chumba chake. Nimecheka mpaka mteja akauliza kuna nini.

Na Yiadom — kifungua mimba wa baba, anakaa Hamburg — katuma maneno ya watoto kwenye slaidi. Slaidi! Zenye muziki wa kinanda. Nani atasikia kinanda kwenye karatasi?

Mimi na njia yangu ile ile. Kila kitu nakifungua kwa LibreOffice, programu ya bure, haijawahi kuniomba hata pesewa moja. Nasafisha, naweka fonti moja, nageuza kuwa PDF. Mwandiko wa mkono nauchapa upya. Kila PDF inaingia kwenye folda moja, jina lake linaanza na namba ya zamu yake: wasifu, mjane, watoto, wajukuu, ukoo, kanisa, kazini. Mwisho kuna programu nyingine ndogo, ya bure nayo, inazishona zote ziwe kitabu kimoja.

Slaidi ya mwisho ina majina ya watoto. Watano. Nimeyanakili herufi kwa herufi. Imeniuma. Imeniuma sana.

Jumatano, 6 Machi

Sikukuu ya uhuru. Watoto wa shule wanapita na gwaride, soksi nyeupe, vumbi jekundu. Mimi nimejifungia na mwandiko wa Mama Frempomaa. Ana mwandiko mzuri huyu mama. Kaandika kwamba mumewe alikuwa anaimba bafuni kila asubuhi, sauti mbovu, nyimbo za kanisa, mpaka majirani wanaitikia.

Sikujua. Kwetu hakuwahi kuoga.

Jina langu ningeweza kuliongeza. Jambo la kufumba na kufumbua, na nani angejua kabla ya kuchapwa? Nimeliandika kabisa, chini ya la mdogo wao. Nikalitazama. Nikalifuta. Jina la kujipachika mwenyewe lina raha gani? Nataka waliweke wao. Hawataki? Basi.

Ijumaa, 8 Machi

Umeme ulikatika asubuhi, ukarudi mchana, wateja hakuna. Mzee Dwamena kapiga simu mara tatu kuulizia picha yake. Anaulizia picha yake, si ya marehemu!

Kibanda kilipotulia nikafungua ukurasa mtupu, nikaandika yangu ya kumuaga baba. Si ya kitabu. Yangu tu, kifua kipungue uzito. Nimeandika mkate wa Jumapili, na alivyokuwa akinikonyeza mama akigeuka, na supu ya karanga aliyoipenda, na siku aliponifundisha kugawanya kwa kukata chungwa. Nimelia kidogo. Si vibaya.

Nikaweka fonti ile ile, kwa mazoea. Nikaigeuza PDF, kwa mazoea. Nikaitia kwenye folda ile ile, nikaipa zamu: baada ya watoto, kabla ya wajukuu. Hapo hakukuwa na mazoea, hapo nilikuwa nadeka.

Jumapili, 10 Machi

Jamani. Jamani, jamani, jamani.

Asubuhi nilikuwa na haraka ya kanisa. Nikafungua folda, nikachagua zote, nikabonyeza unganisha. Kitabu kikatoka, kizuri, nikakituma kwenye kundi la WhatsApp la familia wakikague. Nikazima simu, nikaenda kuimba.

Kuiwasha — kimya. Kundi lile halinyamazi! Mtu akituma picha ya jogoo watu wanajibu amina. Leo hakuna ua, hakuna amina. Yule binamu wa jedwali peke yake: "Ukurasa wa kumi na moja ni wa nani?"

Nikaufungua. Mkate. Chungwa. "Kwa baba yangu, kutoka kwa Asabea." Katikati ya watoto na wajukuu, pale pale nilipoipa zamu. Nilichagua zote, na zote ni zote!

Nikafuta ujumbe. Kufuta nini, wameshapakua. Fufu ya mchana imenishinda kula. Nimeifunika.

Jumatatu, 11 Machi

Mzee Dwamena alinikuta nafungua kibanda. Nikaanza mimi kabla hajakaa. Mzee, ukurasa ule ni bahati mbaya, nautoa sasa hivi.

"Nimekwambia utoe?"

Hapana, mzee.

"Basi tulia. Mimi ni mkuu wa ukoo, na ukoo kwetu ni wa mama. Watoto wa Amankwah, hata hao watano, si wa ukoo wangu, kila mmoja ni wa kwa mama yake. Nani mtoto wake na nani si mtoto, waulize wao na mjane. Mimi usinitie humo." Kisha akainamia kompyuta. "Ila picha hii badilisha. Inaonyesha kitambi."

Mchana, sauti ya Mama Frempomaa imeingia WhatsApp. Nimeacha icheze huku nimesimama mlangoni, kama mtu anayengoja kupigwa. Fupi tu: "Asabea, nimesoma. Supu ya karanga hakuipenda. Alikuwa anakula kwa kumstahi mama yako. Yeye alipenda ya mawese. Rekebisha."

Rekebisha! Hakusema toa. Nimeisikiliza tena na tena. Halafu hasira zikanipanda — hakuipenda vipi? Kwetu sahani alikuwa analamba! Nimekaa nabishana na simu. Mwishowe nimeandika "supu", bila jina, kila mmoja abaki na yake.

Yiadom bado hajasema neno. Na neno la watoto ni lake.

Jumanne, 12 Machi

Bwana Tawiah, mwenye mashine ya kuchapa, anataka faili kabla ya saa sita mchana, la sivyo Jumamosi watu watashika karatasi tupu. Nina vitabu viwili tayari. Kimoja kina ukurasa wangu, kimoja hakina.

Saa nne Yiadom kapiga. Hata salamu hakuna. Nani kakuruhusu? Nikamweleza ukweli: ukurasa uliingia kwa bahati mbaya, na ukisema utoke utatoka. Kisha akaja na sauti ya kejeli: "Unataka kitabu tu, au na jeneza?"

Kwetu jeneza la baba wananunua watoto wake. Si ukoo, si mjane. Watoto.

"Tumechanga wote, mpaka mdogo wetu anayesoma bado," kasema. "Wewe mchango wako uko wapi?"

Alidhani amenikomesha. Na mimi nilikuwa sina la kuficha tena. "Hakuna aliyeniomba, kaka. Mngeniomba, ningeleta siku ile ile."

Nikasikia mtoto wake huko nyuma anaongea Kijerumani.

"Na sasa nikikuomba?"

"Niombe."

Kakata simu! Nimebaki nimeshika simu sikioni kama mwehu.

Tawiah kapiga. Dada, vipi? Nikamwambia bado kidogo tu. Tawiah kasema kila mfiwa anasema bado kidogo tu.

Saa tano na nusu. Namba ya akaunti imeingia kutoka Hamburg, bila neno lolote. Ya jeneza. Nikatuma mchango wangu pale pale.

Sasa hivi, nikiandika haya, limeingia faili. Kutoka kwake. Safari hii si slaidi, ni dude la kompyuta yake ya bei mbaya. LibreOffice imeligomea. Nimebadilisha herufi za mwisho za jina, imegoma. Nimelipeleka kwenye tovuti ya kugeuza mafaili, mtandao unazunguka tu. Nimemwomba alitume tena kwa PDF, hajasoma, labda ameingia kazini. Tawiah anapiga, sipokei. Sijui ndani kaandika maneno gani. Sijui kaniweka wa ngapi, wala kama jina kalipatia. Ninachokiona ni jina la faili peke yake: Watoto wote sita.