Picha ya Barranquilla

Jumapili, 6 Oktoba 1985

Tumerudi Hialeah, nyumbani kwetu hapa Marekani! Sauti imenikauka, miguu imevimba, lakini wimbo wetu wa Kiingereza umefika namba ishirini na mbili Marekani nzima. Sisi, Brisa Doble, bendi ya kupigia harusi na sherehe za wasichana wanaotimiza miaka kumi na tano! Evelio, kiongozi wetu, anasema wakubwa wa kampuni ya rekodi wanatoka New York kutuona tukipiga ukumbini Jumamosi usiku. Tukiwapendeza, tunasaini.

Mbona basi naogopa? Najua mbona. Kwenye tamasha la Barranquilla tulikotoka kulikuwa na bendi kutoka Havana, mji wa Fidel ambao familia yetu iliukimbia. Mpiga tarumbeta wao, mzee, alinifuata hotelini, akanikazia macho. "Kidevu hicho cha Orestes," akataja jina la baba yangu. Baba mdogo Rigo! Nikamkumbatia, nikalia kama mtoto. Mtu akapiga picha.

Jumanne, 8 Oktoba

Ile picha imetoka gazetini. Mimi na "mwanamuziki wa Fidel", mashavu yamegusana. Redio ya mtaani, ya wakimbizi wenzetu, imetusema tangu asubuhi — eti tumelewa sifa za Wamarekani, tumesahau wafungwa wetu kwenye magereza ya Fidel. Mwenye duka la mikate ameibandua picha ya bendi dirishani. Salamu yangu hakuiitikia.

Baba alilikunja gazeti, akatoka nje. Nyumbani jina la Rigo halitajwi. Alibaki Havana akavaa sare ya jeshi la Fidel. Baba akafungwa na serikali hiyo miaka sita, ndugu yake asiende hata kumtazama. Marehemu Mama alimkata Rigo kwa mkasi kwenye picha zote za ukoo. Kwenye ile ya harusi umebaki mkono wake tu, begani kwa Baba.

Jumatano, 9 Oktoba

Simu. Sauti ya kiume, ya upole kabisa: "Binti, Jumamosi usiende kuimba. Tutawalipua." Akakata. Mwaka juzi duka moja hapa lililipuliwa kwa kutuma tu vifurushi Havana, kosa dogo kuliko langu.

Ijumaa, 11 Oktoba

Evelio alikuja na mkewe. Hakukaa. Mwenye ukumbi wa kesho naye amepigiwa simu kama ile, anataka kufunga. New York wakisikia neno bomu hawapandi ndege. Njia ni moja, anasema: kesho asubuhi niende redioni, niseme yule mzee simjui, alinivamia tu kwa picha.

"Ni baba yangu mdogo, Evelio."

"Nani anajua? Wewe, mimi na mzee wako. Watu tisa tumeacha kazi kwa ajili ya wimbo huu, Odalys! Mchuma janga hula na wa kwao, lakini sisi si wa kwenu."

Walipotoka, Baba aliongea mara ya kwanza tangu Jumanne. Alikuwa anakoroga kahawa, hakugeuka. "Sema humjui. Mimi nimesema hivyo miaka ishirini, sijafa."

Kisha, taratibu: "Amezeeka sana?"

Nikamwambia amezeeka. Akamwaga kahawa yote kwenye sinki.

Jumamosi, 12 Oktoba

Naandika kwenye korido ya redio. Nje wamekusanyika watu na mabango. Mama mmoja alinitemea mate, yakanipata kwenye mkono wa blauzi. Evelio ameniandikia maneno. Ni mafupi. Nimeyasoma hadi hayana maana tena. Wataniingiza studio baada ya simu ya msikilizaji aliyeko hewani.

Msikilizaji — Mungu wangu! Sauti hii kwenye spika ya ukutani. Ni Baba! Hakuniambia!

"Naitwa Orestes Fundora. Nilifungwa miaka sita."

Mtangazaji amefurahi mno. "Heshima yako, mzee wetu! Tuambie basi, wewe baba wa Odalys. Yule msaliti kwenye picha, mnamjua?"

Namsikia Baba akipumua. Mtangazaji anasema halo, halo, mzee, upo?

"Nipo," Baba anasema. "Yule..."

Evelio amenishika mkono, kucha zinaniingia, ananisukuma kwenye mlango wa studio. "Ingia, Odalys! Ingia sasa hivi, kabla hajasema ni ndugu yake—"