Simu ya Bei ya Ng'ombe Wawili

Jumapili, Migori. Mvua imenyesha tangu asubuhi, ile ya kugonga mabati mpaka husikii redio. Akoth amelala fofofo. Tulimpa jina hilo kwa sababu alizaliwa mvua ikinyesha hivi hivi, na inaonekana kelele za mabati ndizo zinazombembeleza.

Mimi nina hasira leo, lakini ni ile hasira nzuri, ya mtu ambaye ameshaamua.

Nianze na simu. Baba Akoth hununua dhahabu kwa wachimbaji kule Masara, na siku hizi mambo yamemwendea vizuri. Nikiwa bado hospitalini aliniahidi simu, na si simu hivi hivi. Ile mpya, kubwa, yenye kamera tatu mgongoni, ambayo bei yake inapanda kila mwaka utadhani inatoa maziwa. Nilikubali mbio. Nani angekataa?

Na sababu nilikuwa nayo. Mama yangu yuko Kisegi na hajamwona mjukuu wake. Mimi nilipasuliwa, kidonda bado kinavuta, na daktari amenikataza safari. Naye Mama kuja hapa kunisaidia, hawezi. Ng'ombe wa mahari hawajafika kwetu, na kwa desturi yetu Wajaluo mama mkwe haingii nyumba ya mkwe ambaye hajaleta ng'ombe. Wengine siku hizi wanafumba macho na kuingia. Mama yangu? Thubutu!

Kwa hivyo tukajaribu video. Jumatano Mama akavaa gauni lake la kanisa, akafunga kitambaa kichwani, akaenda kwa mwalimu wa kwaya ambaye ana simu ya picha. Nikamshika Akoth mbele ya simu yangu. Mama akapiga kigelegele. "Nyathina, mtoto wangu, hebu nimguse!" Akanyoosha kidole, simu ikakatika.

Tukapiga tena. Ikakatika tena. Mara ya tatu ndipo nikaelewa. Anampapasa mtoto shavuni, kidole kinateremka hadi kile kitufe chekundu cha kukata.

Mama yangu alikuwa anajaribu kumshika.

Nililia hadi maziwa yakalowesha blauzi. Kisha nikalaumu simu.

Ijumaa nikajikokota hadi duka moja hapa mjini. Muuzaji akanionyesha vile ile simu inavuta mwezi karibu. Haki ya nani, mwezi nimeuona bure tangu nizaliwe! Nikamuuliza inashinda ile ya mwaka jana kwa kitu gani. Akasema kamera imeongezwa nguvu, na inachaji haraka. Nikauliza swali langu lenyewe: mama mzee akigusa kioo tukiongea, haitakata?

Akacheka. "Mama, akigusa hapo pekundu itakata tu. Zote ziko hivyo."

Zote ziko hivyo.

Sisemi haifai. Mtu anayepiga picha za harusi na matanga, ikimlisha, ainunue. Lakini mimi nauza mikoba ya mitumba, na wateja wangu wanaona zipu vizuri kabisa kwa hii simu yangu yenye ufa. Picha safi nilikuwa namnunulia Mama, na Mama hataki picha. Anataka mtoto. Na kumbe bei ya ile simu ni ng'ombe wawili! Wawili si mahari yote, lakini wanatosha kumfungulia Mama mlango.

Leo baada ya kanisa nikamwambia Baba Akoth. Akakunja uso. Ameshajigamba kwa rafiki zake huko Masara, sasa ataonekanaje? "Mama Akoth, mahari ni mambo ya wazee. Hayaharakishwi."

Nikamwambia wazee ni wake, awapigie. Nikamwambia hao rafiki zake hakuna hata mmoja atakayekuja kumwogesha huyu mtoto. Nikamwambia mwaka ujao ile simu itaitwa ya zamani, na ng'ombe mwaka ujao atakuwa na ndama. Wueh, hata mimi nilijishangaa. Akatoka kusimama kwenye veranda. Baadaye nikamsikia akimpigia baba yake mdogo, akipaza sauti juu ya mvua, akiuliza soko la mifugo wiki hii ni siku gani.

Kusema kweli, ile simu nilikuwa nimeshaipenda, hata rangi nilishachagua. Itaniuma nikiiona mkononi mwa mtu mwingine. Iniume tu.

Akoth ameamka. Nikimaliza kumnyonyesha nitampigia Mama, bila picha. Nitamwambia afagie zizi, ng'ombe wanakuja. Halafu afunge mzigo wake, apande gari, aje aguse shavu lenyewe.